Kura Zinakopotelea: Namna ya Kufanya Kampeni ya Wilaya Inayobanana, Minnesota

Novemba 2024, katika Wilaya 54A huko Shakopee, kusini-magharibi mwa Minneapolis, mshindi wa kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo alimpita mwenzake kwa kura 14. Ndipo ikagundulika kuwa kulikuwa na kura 20 za bahasha zilizopokewa na kukubaliwa, ila hazikuhesabiwa. Zilitafutwa zisionekane. Kaunti yenyewe ilifikia kuamini kuwa zilitupwa na takataka, zikiwa bado ndani ya bahasha zake za siri. Tofauti kura 14, zilizopotea 20, na Baraza zima lilikuwa limegawanyika 67 kwa 67.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kila mwaka wa uchaguzi Waswahili wenzangu wa huku hunipigia simu wakitaka kumsaidia mgombea fulani wa bunge la jimbo. Simu zimezidi tangu 2024, pale Wilaya 38A ya Brooklyn Park ilipompeleka barazani Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Swali la kwanza huwa lilelile: dada, tuwaambie nini watu ili wabadili mawazo? Nami huwajibu kwamba katika kampeni tatu nimemwona mtu mmoja tu akibadili mawazo mlangoni, na nadhani alitaka niondoke arudi kwenye mpira wake. Wilaya inapobanana, yaani wagombea wakikaribiana sana kwa kura, kazi yako ni kuzifuata kura za watu ambao tayari wako upande wenu, uone zinapotelea wapi kati ya meza ya jikoni na mashine ya kuhesabia.

Mimi si mtaalamu wa siasa. Ni mzaliwa wa Tanga, nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, na kampeni zangu zote zimekuwa za wilaya za kaskazini mwa Minneapolis. Katika tatu hizo, mbili tulishindwa. Chama sikitaji, maana utaratibu huu unamfaa yeyote.

Ukubwa wa shamba

Minnesota ina viti 134 vya Baraza la Wawakilishi na 67 vya Seneti. Kila wilaya ya Seneti imekatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande ni wilaya moja ya Baraza. Kwa sensa ya 2020, kila wilaya ya Baraza ina watu kama 42,600. Ukitoa watoto, wasio raia na wale ambao siasa haziwahusu, mwaka wa urais unabaki na wapiga kura elfu ishirini na kitu. Hao wanafikika kwa miguu. Hakuna kampeni ya rais au ya gavana ambayo mtu mmoja na jozi moja ya viatu anaweza kuonekana kwenye matokeo yake, lakini hapa anaonekana. Mwaka 2022, kule kaskazini-mashariki mwa jimbo, Wilaya 3A iliamuliwa kwa kura 15 na jirani yake 3B kwa kura 33. Aliyeshindwa 3B ni Mary Murphy, aliyekuwa barazani tangu 1977.

Kuhusu nani anaruhusiwa kufanya nini, naomba tusiwe na mzaha. Kama hujapata uraia, usipige kura, usijisajili, wala usiweke tiki kwenye kisanduku cha usajili hata kama karani wa leseni ya udereva amekusogezea fomu kwa tabasamu. Ni kosa la sheria ya shirikisho na linaweza kukufukuzisha nchini. Lakini kubisha hodi, kupiga simu, kutafsiri na kupika chai ya ofisini unaruhusiwa, ilimradi hulipwi. Mwenye grini kadi anaweza hata kuchanga pesa. Mwenye viza ya muda asichange hata senti.

Orodha, na uongo tunaouandika humo

Minnesota haisajili mtu kwa chama. Ukijiandikisha kupiga kura hakuna anayekuuliza wewe ni wa upande gani. Kwa hiyo ile alama utakayoiona karibu na jina la mtu kwenye programu ya simu ya kampeni ni makisio ya kompyuta, yamejengwa kwa umri, mtaa na chaguzi alizowahi kushiriki. Kazi yako mlangoni ni kugeuza makisio yawe habari. Kampeni nyingi hutumia namba: 1 ni mtu wetu kabisa, 5 ni mtu wao kabisa, 3 hajaamua.

Kampeni yangu ya kwanza nilikuwa nagawa 1 kama peremende za Idi. Kila aliyeniitikia vizuri, 1. Aliyenipa maji siku ya joto, 1. Mama mmoja alinisifia kitenge, nikampa 1 kabla sijafika ngazi ya mwisho. Wiki ya mwisho ikafika, kampeni ikawapigia simu watu wote wa 1 kuwakumbusha wakapige kura, na kwenye simu ndipo tukaanza kusikia: "Asante kwa kunikumbusha, nitaenda, ila si kwa mgombea wenu." Nilikuwa nimejaza orodha wastaarabu wa upande wa pili, na sisi wenyewe ndio tuliowapeleka kituoni.

Tangu hapo nina kanuni. Mtu asipotamka jina la mgombea kwa mdomo wake, hapati 1 yangu. Nauliza waziwazi, "Je, tunaweza kukuhesabu?" kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi tumelelewa kutomwachia mgeni ukimya, tunajaza maneno haraka, na mwenzako anapata pa kujifichia. Hesabu moja hadi tano moyoni. Akisema "nitaangalia," huyo ni 3, hata kama amekukaribisha ndani na kukupa kiti.

Mlangoni

Ukishagonga, rudi nyuma hatua mbili na usimame upande ambao bawaba hazipo, ili mlango ukifunguka uonekane mzima. Kitambulisho cha kampeni kifuani, mikono ionekane. Sentensi ya kwanza iwe jina lako na mtaa unaoishi, hata kabla ya jina la mgombea. Mtu wa mtaa anasikilizwa kuliko mtu wa chama.

Haya ya kuonekana yamekuwa mazito zaidi tangu Juni 2025, mtu aliyevaa kama polisi alipomuua mbunge Melissa Hortman na mumewe Mark nyumbani kwao Brooklyn Park, baada ya kumpiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe huko Champlin, ambao walinusurika. Watu wa huku hawajasahau, na sitarajii wasahau. Mtu akikujibu kupitia kamera ya kengele bila kufungua, usimlaumu wala usimbembeleze; zungumza na kamera, acha karatasi, nenda. Tembeeni wawili wawili, na giza likikaribia rudini. Karatasi ichomeke kwenye kitasa. Usiiweke kamwe kwenye sanduku la barua: sanduku lile ni la posta, na kuweka humo kitu kisicho na stempu ni kosa la shirikisho.

Majumba ya ghorofa ndiko waliko watu wetu wengi, na ndiko kampeni nyingi zinakokata tamaa kwa sababu mlango wa chini umefungwa na meneja hataki kusikia. Sheria ya Minnesota iko upande wako kuliko unavyodhani: jengo la makazi lenye nyumba nyingi haliruhusiwi kumzuia mgombea wa wilaya hiyo, pamoja na watu alioandamana nao, kuingia kufanya kampeni katika saa zinazofaa. Neno la kushika hapo ni mgombea. Mwite mgombea mwenyewe aje Jumamosi, pangeni majengo matatu kwa mkupuo mmoja, na muwe na nakala ya kifungu cha sheria mkononi. Mimi huikunja ndani ya pochi. Sijawahi kuisoma kwa sauti, huwa inatosha kuifungua zipu.

Bahasha ya mzee

Minnesota inaruhusu mtu kupiga kura kwa posta au ofisini kuanzia siku 46 kabla ya uchaguzi, bila kutoa sababu. Ni jambo zuri sana kwa watu wa zamu kama mimi, lakini kila kura ya namna hii ina hatua nyingi, na kila hatua ni tundu.

Nitawaeleza mlango mmoja. Mzee wa Kirundi aliyekaa kambini Kigoma miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, lakini mimi nimekwisha piga kura." Nikamwuliza bahasha ameirudisha lini. Akanyoosha kidole mezani. Bahasha ilikuwa chini ya sahani ya ndizi, imefungwa vizuri, kona moja imelowa. Upande wa nyuma, pale pa sahihi, peupe. Pale pa namba ya leseni, peupe. Pale pa shahidi, peupe.

"Mbona hujatia sahihi, mzee?"

"Nikitia sahihi si watajua nimemchagua nani?"

Swali lake lilikuwa la akili kuliko maelezo yote yaliyochapishwa kwenye ile karatasi ya maelekezo. Nikamweleza kwamba bahasha ni mbili kwa makusudi. Karatasi ya kura inaingia kwanza kwenye ile ndogo ya siri, isiyo na jina. Hiyo ndogo inaingia kwenye ile ya sahihi. Wanaokagua huangalia sahihi na namba za nje, wakiridhika hutenganisha jina na kura, na baada ya hapo hakuna anayeweza kurudisha kura kwa mwenyewe. Akafikiri. Akamwita binti yake, ambaye ni raia na amesajiliwa kupiga kura kwa anwani hiyohiyo, akawa shahidi. Mzee akaandika namba yake polepole kama anayechora. Mimi sikuigusa ile bahasha hata kidole, na nakuomba nawe usiguse bahasha ya mtu. Nikasimama mlangoni nikamwona binti akiitia kwenye mkoba wa kazini.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nimeshapiga kura," usimpongeze bado. Uliza iko wapi. Uliza kuhusu sahihi, namba na shahidi. Mwonyeshe ukurasa wa mtandao wa Katibu wa Jimbo, ofisi inayosimamia uchaguzi, ambako mtu hufuatilia bahasha yake hadi iandikwe imekubaliwa. Ikikataliwa mapema hutumiwa nyingine. Ikikataliwa siku za mwisho, ofisi hujaribu kumpata kwa simu au barua pepe, kwa hiyo aandike namba ya simu anayoipokea kweli, si ile ya mtoto aliyehamia Texas. Na muhuri wa posta wa siku ya uchaguzi hautoshi hapa: bahasha yenyewe lazima iwe imefika. Siku tano za mwisho usimshauri mtu kutumia posta, mwambie apeleke mwenyewe.

Kuna tundu jingine dogo, nalo ni la karatasi yenyewe. Mwaka wa urais watu hujaza duara la rais, seneta wa Washington na mbunge wa Washington, kisha wanachoka. Kiti chetu kiko chini ya hapo. Beba mfano wa karatasi ya kura wa kituo cha mtaa huo na uonyeshe mstari kwa kidole. Nimeona macho ya watu yakishuka na kusema, "Kumbe kuna na hawa?"

Saa

Hili naliweka peke yake kwa sababu limetugharimu sisi Waswahili hasa.

Vituo vya Minnesota hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Kampeni moja niliyoshiriki ilichapisha karatasi ya Kiswahili iliyotafsiriwa na mtu asiyeishi na lugha, au na mashine, sijui. Iliandikwa: "saa 7 asubuhi hadi saa 8 usiku." Nilipoiona nilicheka, nikadhani kila mtu atacheka. Saa 7 asubuhi ni saa gani hiyo? Jioni ya uchaguzi, saa 3 kasoro, akaja dada mmoja wa Mombasa na sare za hospitali, amekimbia kutoka kwenye gari, mlango umefungwa. Alikuwa na ile karatasi. Alikuwa ameisoma kama anavyosoma saa maisha yake yote: saa 8 usiku, ana nafasi tele, amalize zamu kwanza. Alisimama pale akiigeuza geuza ile karatasi kana kwamba upande wa pili utamwambia jambo jingine.

Kila karatasi, kila sauti ya WhatsApp, taja saa kwa Kiswahili chetu na uongeze maneno: jua likishazama, saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Na umwambie mtu kwamba akiwa kwenye foleni ile saa inapogonga, asitoke. Aliye kwenye foleni hupiga kura.

Siku yenyewe

Tangu 1974 mtu anaweza kujisajili Minnesota siku ileile ya kupiga kura, hapohapo kituoni. Kwa hiyo sahau lugha ya "umechelewa." Anayehama nyumba kila mwaka, na watu wetu wanahama, anatakiwa tu athibitishe anapoishi. Asipokuwa na karatasi, mpiga kura mwingine aliyesajiliwa katika kituo hicho anaweza kumdhamini kwa kiapo, hadi watu wanane. Ila aliyedhaminiwa siku hiyo hawezi naye kumdhamini mwingine, hapo watu hukosea.

Kwa wafanyakazi wa nyumba za wazee kuna mlango mpana zaidi: mfanyakazi wa makao anaweza kuwadhamini wakazi wa pale bila kikomo cha wanane, akionyesha kwamba kweli ni mfanyakazi. Njia rahisi ni makao yenyewe kupeleka orodha ya wafanyakazi kaunti siku 20 kabla. Mimi hufanya hivyo. Bibi mmoja wa miaka 91 niliyempeleka alijali zaidi kama sweta lake linapendeza kuliko habari za mgombea. Sikumwuliza amemchagua nani. Alisaidiwa na mwanawe kujaza. Mtu anaruhusiwa kuja na msaidizi amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi, na mimi kwa kuwa niko pale na beji ya kazi hukaa mbali na karatasi.

Mwajiri lazima akuruhusu kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara. Wengi hawajui, na wengine wanajua lakini wanamwogopa msimamizi. Mwambie mtu aombe kwa ujumbe wa simu, ili kuwe na maandishi.

Kampeni yoyote inakoma futi 100 kutoka jengo la kituo, na fulana ya mgombea inabaki nyumbani au ndani ya koti. Ukiweza, mwakani acha kampeni ukaombe kazi ya karani wa kituo. Minnesota huwaita majaji wa uchaguzi ingawa hawana joho. Wanalipwa, na kituo kinatakiwa kiwe na watu wa vyama tofauti. Jaji mmoja anayesema Kiswahili ameokoa kura nyingi kuliko milango yangu mia.

Usiku wa matokeo

Hapa nitapita haraka, maana usiku huo hakuna unachoweza kufanya zaidi ya kula. Jua jambo moja: Minnesota huchanganya kura za bahasha na za kituo usiku uleule, kwa hiyo matokeo hayabadiliki sana siku zinazofuata. Usisome Minnesota kwa macho ya California, ambako bahasha yenye muhuri wa siku ya uchaguzi husubiriwa hadi siku saba. Lakini usicheze ngoma pia. Kule Fairbanks, Alaska, mwaka 2018, Wilaya 1 ilifika siku ya kuidhinishwa wagombea wakiwa sare, na kuhesabu upya kukampa Bart LeBon kura 2,663 dhidi ya 2,662 za Kathryn Dodge.

Tuma mtu wako kila kituo apige picha ya ule ukanda mrefu wa karatasi unaotoka kwenye mashine, wakishamaliza. Asubuhi linganisha na namba za kaunti. Mara nyingi zinalingana. Siku namba zisipolingana, utakuwa na karatasi mkononi.

Kuhesabu upya

Kwa viti vya bunge la Minnesota, tofauti ikiwa chini ya nusu ya asilimia moja, aliyeshindwa anaweza kuomba kura zihesabiwe upya kwa gharama ya umma. Katika kura 22,000, hiyo ni tofauti ya chini ya kura 110. Huhesabiwa kwa mkono, hadharani, na kila mgombea huweka watazamaji wake.

Nimekaa kwenye meza hizo mara moja. Ofisa wa kaunti anachukua karatasi moja, anaangalia mstari mmoja tu, anaiweka kwenye fungu la huyu, la yule, au la wengineo. Kisha mafungu yanahesabiwa ishirini na tano ishirini na tano. Huruhusiwi kugusa. Huruhusiwi kuegemea. Unaangalia wino kwa saa nne mfululizo hadi maduara yanaanza kuogelea.

Unachotafuta ni karatasi ambazo mashine haikuelewa na jicho la mtu linaelewa. Aliyeweka X badala ya kujaza duara, kura yake inahesabiwa. Aliyezungushia jina, nia inaonekana. Aliyejaza maduara mawili kisha akafuta moja kwa mistari, inakwenda kwa lililobaki. Lakini aliyetia sahihi yake kwenye karatasi ya kura, basi, hiyo imeharibika, kwa sababu kura haitakiwi kumtambulisha mtu. Nilimkumbuka mzee wangu wa bahasha: sahihi inahitajika nje, ndani inaua.

Ukipinga uamuzi wa ofisa, taja sababu palepale, na karatasi hiyo inawekwa kando iamuliwe na bodi ya kuidhinisha matokeo. Usipinge ovyo. Jirani yangu mezani, wa upande wa pili, alipinga karatasi tano mfululizo kwa hasira, na ilipofika ya sita, ambayo kweli ilikuwa na hoja, hakuna aliyeinua kichwa. Mimi nilipinga mbili siku nzima. Moja tulipewa.

Mambo yakibaki hayaeleweki, kuna mahakama. Kule Shakopee, baada ya kuhesabu upya, tofauti ilikuwa kura 14. Kisha wapiga kura sita kati ya wale ambao kura zao zilipotea wakaja mbele ya jaji wakasema walimpigia Brad Tabke, aliyekuwa akiongoza. Piga hesabu mwenyewe: sita kwake, hata kumi na nne zilizobaki zote zingemwendea mpinzani, Tabke bado yuko mbele kwa sita. Januari 2025 jaji akaamua kuwa ushindi unasimama. Ujue pia kwamba neno la mwisho ni la bunge lenyewe. Mississippi, 2015, Bo Eaton na Mark Tullos walifungana 4,589 kwa 4,589, wakavuta vijiti, Eaton akapata kijiti kirefu. Januari iliyofuata Baraza la Mississippi likampa kiti Tullos.

Na sare yenyewe Minnesota huamuliwa kwa kura ya bahati. Virginia walitumia bakuli. Newport News, 2017, Wilaya 94: kwanza David Yancey aliongoza kwa kura 10, kuhesabu upya kukampa Shelly Simonds ushindi wa kura moja, kisha majaji watatu wakaikubali karatasi moja iliyojazwa maduara yote mawili, la Simonds likiwa limepigwa mstari, wakaihesabu ya Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Januari 4, 2018 majina yakatiwa ndani ya vikopo vya filamu za kamera, vikopo vikatiwa bakulini, likatoka la Yancey. Chama chake kikashika Baraza kwa 51 dhidi ya 49. Mpiga kura mmoja, kalamu moja, mstari mmoja.

Baada ya yote, mabango. Siku 10 baada ya uchaguzi ulinzi wa sheria ya jimbo kwa mabango unakwisha na miji inarudia kanuni zake, kwa hiyo gawaneni mitaa muyang'oe Jumamosi ya kwanza, mshinde au mshindwe. Msingoje sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Ardhi ya huku ikiganda, vile vyuma havitoki. Mwaka mmoja nilichelewa wiki mbili, nikavunja mabango mawili kwenye bustani ya mama mmoja niliyekuwa nimemwandikia 3, na vyuma vya mabango hayo vilibaki vimesimama pale mpaka Aprili.